Mitungi Mitatu Kutoka Kilungu

Mama yangu alihamia kwangu Emali akiwa na mkoba mmoja wa nguo na mitungi mitatu ya maji. Mkoba aliubeba mwenyewe kwa mkono mzima. Mitungi alimwamuru dereva wa pikapu ya machungwa aiweke mbele, karibu naye, isipigwe na jua. Machungwa ya watu, ambayo yalikuwa yanaenda kuuzwa, ndiyo yaliyokaa nyuma na kupigwa na jua.

Mkono wa pili ulikuwa ndani ya plasta. Asubuhi moja kule kwetu Kilungu alikuwa akitoka chemchemini, mtungi mgongoni na kamba kichwani, akateleza kwenye mawe. Chemchemi yetu iko juu ya nyumba, na njia yake inateremka kando ya mstari wa miti ambao tangu zamani nilidhani ni ua, ingawa ni ua usiozunguka kitu chochote. Alijishika kwenye mti mmojawapo, mti ukapinda naye, na mkono ukavunjika. Alilala pale tangu asubuhi mpaka saa saba, jirani alipopita akitafuta mbuzi wake. Hakupiga kelele hata mara moja. Alitueleza baadaye kwamba mtu mzima hawapigii watu kelele kwa sababu ya kuanguka tu.

Mimi ni kitindamimba, na kwetu Ukambani nyumba ya mama ni ya kitindamimba, pamoja na mama mwenyewe. Dada yangu mkubwa alinipigia simu akaniambia, "Huyo ni wako sasa." Nilijifanya nafikiria. Ukweli ni kwamba tangu nisikie habari za yale mawe nilikuwa naota mchana kweupe kwamba simu inalia tena. Nilitaka mama yangu awe mahali ambapo nitamsikia akikohoa.

Yeye alikubali kwa sharti. "Nitakaa mwezi mmoja," alisema. "Nikiona hapo kwenu kunakalika, nitakaa. Nikiona hakukaliki, mtanirudisha kwangu, na hakuna mtu atanisumbua tena mpaka nife."

Basi nilikuwa na mwezi mmoja, na adui mmoja tu, na huyo adui nilikuwa namfahamu vizuri kwa sababu ndiye aliyekuwa akinilisha. Mimi ni fundi wa mabomba. Maji ya mtaa wetu Emali yanatoka kwenye kisima kirefu, na yanapopanda yanapanda na nusu ya jiwe yalilopitia. Ukichemsha birika la stima mara kumi, ndani kunaota ukoko mweupe mgumu. Shawa huziba tundu moja moja mpaka inabaki kutema mate. Gilasi zote mtaani zina ukungu, na shati jeupe hukaa jeupe mpaka siku ya kufuliwa mara ya kwanza. Watu hunipigia simu wakilalamika, nami hufika na sura ya huruma, nafungua, nakwangua, nafunga. Siwezi kuyatukana maji hayo. Ndiyo yaliyonisomeshea watoto.

Lakini mama aliyatukana kwa niaba yangu. Siku ya kwanza alinawa mkono mzima na ncha za vidole vya ule wa plasta kwenye sinki, akasugua sabuni, akasugua tena, akainua kipande kile akakitazama dhidi ya dirisha.

"Hii sabuni imekufa," alisema.

"Si sabuni, Mwaitu," nilimwambia, maana kwetu mama huitwa Mwaitu. "Ni maji. Maji ya hapa iko na chumvi ya mawe, inakataa povu."

"Maji haiwezi kukataa. Maji ni maji. Hiyo sabuni iliuzwa ikiwa imekufa."

Akaifunga kwenye gazeti akairudisha dukani. Mwenye duka, mzee mmoja mpole wa Kiislamu ambaye familia yake ilitoka upande wa kaskazini, alimbadilishia bila maneno. Ya pili nayo ikafa. Akairudisha. Ya tatu ikafa. Safari hiyo mzee aliamua kulimaliza jambo kwa haki, akaleta beseni la maji juu ya kaunta wanawe pamoja, muuzaji na mnunuzi. Maji yenyewe alikuwa ameyakinga kwenye bomba lile lile linaloleta kwangu. Nilipopita nikitoka kazini niliwakuta wazee wawili wazima wamekunja mikono ya nguo, wanasuguana na sabuni huku wateja watatu wakisubiri unga. Walikubaliana kwamba makosa ni ya kiwanda. Mama alirudi nyumbani na kipande cha nne, cha bure, akakiweka ndani ya mkoba wake, ushahidi.

Baada ya hapo alitunga sheria. Mtungi wa kwanza ulikuwa wa kunywa na chai. Wa pili ulikuwa wa kupikia. Wa tatu ulikuwa wa uso, shingo na meno. Maji ya bomba yaliruhusiwa chooni na kwenye miguu, chini ya goti. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea, na siku nzima hushinda na watu wenye sheria za aina hiyo, kwa hiyo yeye alizoea haraka. Aliyeteseka ni mimi. Nilikunywa chai yangu ya bomba, yenye ule utando juu, nikitazamwa kama mtu anayekunywa dawa ya mifugo.

Kila Alhamisi pikapu ya machungwa ilishuka kutoka Kilungu na mitungi iliyojazwa na jirani, nami nikairudishia mitupu. Hapa ndipo heshima yangu ilipoanza kuvuja. Wanawake wa sokoni wote wananijua, maana nimewafungia mabomba, na waliniona nimebeba lita ishirini begani, narudi tena kuchukua lita ishirini nyingine.

"Fundi," dereva aliniita siku moja kwa sauti ya kutosha soko zima. "Si ni wewe unarekebishia watu maji hapa? Na wewe unaletewa maji kutoka mlima?"

"Ni dawa," nilijibu.

"Ya nini?"

"Ya mama."

Wiki ya tatu mambo yalianza kuelekea kunyooka. Mama alipata marafiki kanisani, kundi la akina mama wanaotembeleana nyumba kwa nyumba kuomba na kula. Mwenyekiti wao alikuja kumsalimia, na kwa bahati mbaya mke wangu akamwandalia isyo, mahindi na maharagwe, yaliyopikwa na maji ya bomba kama kila nyumba ya mtaa ule inavyopika. Mama alitafuna kwa adabu, akameza kwa adabu, halafu akatangaza kwamba Jumamosi kundi lote lialikwe, na atapika yeye.

"Nataka watu wa Emali waone vile maharagwe huiva," alisema. "Hapa mnakula ikiwa bado inafikiria."

Nilifurahi kupita kiasi. Mtu anayealika watu si mtu anayefungasha. Niliona kabisa kwamba Jumamosi ikipita vizuri, mwezi utakwisha bila yeye kuhesabu siku.

Alhamisi mvua ilinyesha milimani, barabara ya udongo ikageuka uji, na pikapu haikuja. Nilisimama sokoni nikisubiri mpaka wauza machungwa wakaanza kunihurumia. Ijumaa pia haikuja. Mitungi mitupu iliyobaki kwangu ilikuwa miwili. Nikaibeba mpaka kwenye karakana yangu, nikafungua bomba, nikaijaza.

Nimewahi kufanya mambo mengi ya haraka katika kazi hii, lakini ule ulikuwa ufundi. Nilifunga vifuniko na karatasi ya nailoni, kama jirani anavyofunga. Nikapaka udongo mwekundu kidogo chini. Kisha, Mungu anisamehe, nikachuma jani la mwavokado wa jirani yangu wa Emali nikalibandika ubavuni mwa mtungi mmoja, kana kwamba limesafiri nao. Nikaingia nyumbani nikiguna.

Mama alijimiminia kikombe. Akanywa. Akafumba macho.

"Hii ndiyo maji sasa," alisema. "Hata harufu ya nyumbani iko."

Nilikaa na furaha hiyo kama robo saa hivi.

Jumamosi akina mama walifika saa nne, kumi na wawili, na vitambaa vyao vya kichwa vya rangi moja. Isyo ilikuwa jikoni tangu saa moja. Mke wangu alikuwa shuleni kwenye mkutano wa wazazi, na mimi nilipewa kazi ya kubeba viti. Waliimba. Waliomba. Waliimba tena. Saa sita mama alikwenda jikoni, akatoa harage moja, akalifinya, halikufinyika. Akafunika sufuria akarudi akisema dakika kidogo.

Saa saba akaongeza magadi. Kwetu mtu akiona maharagwe yanakaidi huyatilia magadi kidogo, na mama alikuwa ameona mkebe wenye unga mweupe dirishani. Mimi nilikuwa sebuleni nikisikiliza ushuhuda wa mwenyekiti kuhusu goti lake. Sikumwona akiufungua. Alitia kijiko kimoja. Baada ya nusu saa akatia cha pili. Alipoona bado, akakung'uta mkebe wote.

Saa nane kundi zima lilihamia jikoni kutoa ushauri. Mmoja alisema gesi ni kidogo. Mwingine alisema bibi yake alikuwa akitumbukiza msumari, na kwa kuwa hii ni nyumba ya fundi, msumari ulipatikana, ukaoshwa, ukatumbukizwa. Wa tatu alinong'ona kwamba kuna hoteli barabarani wanaosaga tembe mbili za maumivu ya kichwa.

"Maharagwe haiumwi kichwa," mama alisema.

Mwishoni mwenyekiti aliweka mkono juu ya mfuniko, akaondoa haraka kwa sababu ulikuwa wa moto, akaiombea sufuria kwa mbali. Alikemea. Alifunga. Alifungua. Saa tisa na nusu walipakuliwa, kwa sababu watu hawawezi kuimba milele. Harage moja lilitoka chini ya kijiko cha mwenyekiti, likagonga sakafu, likaruka mpaka chini ya kochi. Hakuna aliyecheka. Walitafuna kimya kwa upendo wa Kikristo, na kusikia kwake ilikuwa sawa na kusikia ng'ombe wakitafuna mabua. Baadaye nilikwenda kununua mikate.

Mama aliwasindikiza mpaka langoni. Aliporudi aliketi kwenye kiti cha jikoni, akaweka mkono mzima juu ya plasta.

Mke wangu alirudi, akaosha vyombo, akanyanyua mkebe wa dirishani. "Ile poda ya kuku iko wapi?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Mteja wangu mmoja anayefuga kuku aliniambia ukoko wa mabirika ukisagwa huwapa kuku maganda magumu ya mayai. Nilikuwa nimekwangua birika letu na ya majirani watano, nikasaga, nikaweka kwenye mkebe dirishani nimpelekee. Mama alipika maharagwe kwa maji ya jiwe, kisha akayatilia jiwe lenyewe, vijiko kwa vijiko. Hata bila mkebe yangechelewa, hilo nalijua. Kwa mkebe yale maharagwe yangeweza kujengea ukuta.

Nilitaka kucheka na nilicheka, mbavu zikauma, nikiwa nimejiziba mdomo kwa taulo la vyombo. Mke wangu hakucheka.

Jumapili tulipotoka kanisani mama aliniita. "Pigia dada yako simu," alisema. "Mwambie nimekubali. Nitakaa hapa."

Simu nilikuwa tayari nimeitoa mfukoni. "Umeona kunakalika, Mwaitu?"

"Hapana. Nimeona mikono yangu imeisha. Mtu ameletewa maji ya kwao, kutoka chemchemi yake, na ameshindwa kuivisha maharagwe mbele ya watu, huyo hawezi kukaa pekee yake. Dada yako alikuwa anasema ukweli."

Nilikuwa nimepata kila kitu nilichokitaka. Nilipiga simu. Dada yangu alishangilia mpaka nikatoa simu sikioni. Jumatatu nilikwenda kazini nikaikwangua shawa ya mtu, na kila nilipokwangua nilisikia vibaya zaidi. Nikajiambia uongo mdogo unaomlinda mama si uongo. Nikajiambia pia kwamba njia ya mwongo ni fupi. Nikajiambia nyamaza ufanye kazi.

Saa saba nikaenda nyumbani kula. Mama alikuwa ameketi pale pale jikoni. Beseni la viazi lilikuwa mbele yake, mke wangu alikuwa amemwachia, kazi ndogo ya kumshughulisha. Alikuwa hajavigusa.

"Si unisaidie tumenye, Mwaitu?" nilisema. "Unashika na mimi nakata."

"Waachie wenye mikono," alisema. Na aliutazama ule mkono wake mzima, uliolima, uliochota, uliotubeba watoto watano, kama kitu alichoazima kwa mtu na sasa kinadaiwa.

Sikuweza. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilianza na mkebe kwa sababu ulikuwa rahisi, nikamaliza na mitungi.

Alilisukuma beseni la viazi pembeni. "Hiyo maji ilikuwa ya bomba?"

"Ya bomba."

"Na udongo?"

"Niliupaka."

"Na ile jani?"

"Ya mwavokado wa jirani."

"Asi!" alisema, akachukua mwiko akanipiga nao gotini, si mchezo. Halafu akatoa kwenye mkoba wake chupa mbili za soda zilizojaa maji, maji ya kweli ya Kilungu, aliyokuwa akiyatunza kwa ajili ya kumezea dawa. Akayamimina kwenye kisufuria kidogo na maharagwe kikombe kimoja. Akaketi kuyalinda, nami sikuthubutu kurudi kazini. Jua lilipokuwa likigeuka dirishani alitoa harage moja, akalifinya kwa vidole, likapondeka. Akafinya la pili, maana la kwanza lingeweza kuwa bahati. Akafinya la tatu. Kisha alilia kidogo, na mimi pia.

"Sasa niambie," alisema akijipangusa. "Hiyo kazi yako, wewe hufanya nini?"

"Napelekea watu maji, Mwaitu."

"Mpaka kwa nyumba?"

"Mpaka ndani ya nyumba."

"Na chemchemi yetu iko juu ya nyumba ama chini?"

"Juu."

"Maji hupanda ama huteremka?"

"Huteremka."

"Na mimi nilianguka nikifanya nini?"

Wiki tatu nzima nilikuwa nimesafirisha maji ya mlima kwa pikapu mpaka Emali, nikatunga uongo wenye jani na udongo, nikapoteza heshima sokoni. Katika karakana yangu paipu zilikuwa zimejikunja ukutani roli kwa roli.

Mwezi ulipokwisha nilimrudisha Kilungu kwa pikapu ile ile, na safari hii nyuma kulikuwa na roli nne za paipu, koki, sementi na sururu. Daktari alikuwa ameshaitoa plasta. Nilimchotea maji mimi mwenyewe siku hiyo, nikashuka nayo juu ya yale mawe nikipapasa kila jiwe kwa mguu, na aliponawa alitumia kile kipande cha sabuni cha bure kutoka dukani. Povu lilipanda mpaka kwenye kiwiko. Alikitazama kile kipande akakiomba msamaha.

Asubuhi nilianza kupima pa kupitisha paipu. Mahali palipofaa kabisa palikuwa kwenye ule mstari wa miti, ule ua usiozunguka kitu, na nikamwita kumwomba ruhusa niikate.

"Usikate," alisema. "Fuata hiyo."

"Kwani huu ua ulipandiwa nini?"

"Si ua. Ile mwaka ulimaliza kozi ulikuja hapa na cheti yako, ukasema utarudi na paipu mwezi wa nane. Nikakuwekea vijiti, ujue pahali pa kupitisha. Mvua ikanyesha, vikashika."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, akaingia ndani kuweka chai. Mimi nilibaki na sururu mkononi. Vijiti vya kimo cha goti vilikuwa vimenipita urefu, na mti mmoja ulikuwa umepinda, ule alioushika siku alipoanguka. Nilichimba nikivifuata, mti mpaka mti, kutoka chemchemini hadi mlangoni kwake, na katika mstari wote ule sikupata mahali hata pamoja pa kumsahihisha.